Sarafu za Zamani za Shaba: Kuzisafisha au Kuziacha Zilivyo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu sarafu za shaba tupu, za bronzi (shaba na bati) na za shaba ya njano (shaba na zinki). Sarafu za fedha na za dhahabu zina taratibu zake, na mengi yanayofaa kwao yanaharibu shaba.

Nina sarafu ya shaba ya zamani, imekuwa nyeusi. Niisafishe?

Kwa kawaida, hapana. Ule weusi au ukahawia si uchafu uliotua juu ya sarafu. Ni shaba yenyewe ya tabaka la juu kabisa, iliyoungana na oksijeni na kugeuka utando mgumu, ambao wakusanyaji huuita patina. Ukiuondoa, unaondoa pia sehemu ya uso uliopigwa kiwandani: nywele za kichwa kilichochorwa, manyoya ya ndege, ncha za herufi. Kilichoondoka hakirudi, na hakuna dawa ya kukirudisha.

Kuna hali tatu tu zinazodai uchukue hatua. Ya kwanza ni utelezi wa kijani unaonata, uliotokana na plastiki mbaya ya kuhifadhia. Ya pili ni unga wa kijani mpauko unaozuka na kurudi kila ukiufuta. Ya tatu ni udongo au mafuta yaliyoshikamana na uso na kuficha maandishi. Nje ya hizo, sarafu kavu ya kahawia ambayo imekaa hivyo kwa miaka mia inaweza kungoja hadi upate uhakika wa unachotaka kufanya.

Kwa nini shaba hubadilika rangi?

Sarafu mpya ya shaba ina rangi ya machungwa yenye wekundu. Hewa ikiigusa, tabaka la kwanza kujitengeneza ni oksidi ya shaba yenye rangi nyekundu hadi kahawia, iitwayo kupriti. Baadaye, hasa kwenye joto au hewa chafu, hutokea oksidi nyeusi na misombo ya salfa. Penye unyevu na kaboni dioksidi hutokea kaboneti ya kijani, malakiti, na mara chache ile ya bluu, azuriti.

Tabaka hizi haziko sawa kwa tabia. Kupriti na malakiti ngumu, laini kwa kuguswa, iliyoshika kila mahali, ni kinga: hupunguza kasi ya hewa na maji kufika kwenye shaba iliyo chini. Kloridi za shaba ni kinyume chake. Hizo ni adui, na zina swali lake hapa chini.

Kwani sarafu inayong'aa haina bei zaidi?

Inayong'aa kwa mng'ao wake wa asili, ndiyo. Iliyong'arishwa, la.

Kampuni za kupima daraja za sarafu, kama PCGS na NGC, hugawa sarafu za shaba kwa rangi. RD (Red, nyekundu) hupewa iliyobaki na takribani asilimia 95 au zaidi ya wekundu wake wa kiwandani, BN (Brown, kahawia) hupewa iliyobaki na chini ya asilimia 5, na RB (Red-Brown) ni zile za katikati. Pengo la bei kati ya RD na BN ya sarafu ileile linaweza kuwa kubwa sana, na hapo ndipo vishawishi vinapoanza: mtu ana sarafu ya kahawia, anaona picha ya nyekundu, anatafuta limau.

Tatizo ni kwamba wekundu wa limau si wekundu wa kiwandani. Sarafu inapopigwa, shaba husukumwa na muhuri kwa nguvu kutoka katikati kwenda ukingoni, na kuacha mistari midogo mno inayorudisha mwanga kama miale inayozunguka unapoinamisha sarafu. Asidi hula ile mistari. Kinachobaki ni uso wa waridi, bapa, usio na miale. Wapimaji huitambua papo hapo, hawaipi daraja kamili la namba, na huandika kwenye lebo kwamba imesafishwa. Mnunuzi mzoefu naye hataipa bei ya RD wala hata ya BN nzuri.

Kipimo cha daraja cha 1 hadi 70 kinachotumika leo kwa sarafu za kila aina kilianzia kwenye shaba. Mkusanyaji wa Marekani, William Sheldon, alikitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani za 1793 hadi 1814. Wakusanyaji wa shaba ndio waliojifunza mapema kulipia uso usioguswa.

Limau, siki, tomato sosi, soda ya kola, dawa ya meno: mbona kwenye video zinafanya kazi vizuri?

Zinafanya kazi ya kuondoa oksidi, na hilo ndilo kosa lake.

Limau lina asidi ya sitriki, siki ina asidi ya asetiki, kola ina asidi ya fosforiki. Zote huyeyusha oksidi ya shaba ndani ya dakika chache. Oksidi haina unene sawa kila mahali, kwa hiyo penye tabaka jembamba shaba huanza kuliwa wakati penye tabaka nene bado peusi. Ndiyo maana sarafu hizo hutoka na mabaka. Chini ya lenzi utaona uso wenye vitundu, mithili ya ganda la chungwa. Kwenye shaba ya njano asidi huweza kuvuta zinki na kuacha shaba peke yake juu, na sarafu iliyokuwa ya dhahabu-dhahabu inageuka ya waridi moja kwa moja.

Mbaya kuliko zote ni mchanganyiko wa limau au siki na chumvi, na tomato sosi inaingia humohumo kwa sababu ina siki na chumvi pamoja. Chumvi ni kloridi ya sodiamu. Unapoiweka pamoja na asidi unaingiza kloridi kwenye vitundu vile vile ambavyo asidi imevifungua, na suuza ya bomba haitoshi kuzitoa. Sarafu hung'aa kwa wiki kadhaa, kisha madoa ya kijani yanaanza.

Dawa ya meno, majivu, unga wa kusugulia vyombo, waya wa kusugulia sufuria na kifutio cha penseli hukwaruza. Bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia keki, ni laini kuliko hivyo vyote, lakini ikipakwa kama uji na kusuguliwa huacha mikwaruzo midogo pia. Vipolishi vya shaba vya dukani vina chembe za kukwangua na kemikali za kuyeyusha oksidi, yaani makosa mawili ndani ya chupa moja. Ni vizuri kwa vitasa vya milango.

Nitajuaje kama sarafu niliyonayo ilishasafishwa na mwenyewe wa zamani?

Zima taa za chumba, acha taa moja tu iliyo upande. Shika sarafu kwa ukingo, iinamishe taratibu chini ya lenzi ya kukuza mara 10, ukiangalia sehemu bapa zisizo na picha.

Tafuta mikwaruzo myembamba kama unywele, inayokwenda pamoja upande mmoja au kwa duara: hiyo ni alama ya kitambaa au brashi. Mikwaruzo ya kawaida ya kupita mikononi huenda ovyo, kila mmoja na njia yake, na hujikusanya sehemu zilizoinuka. Angalia pia kuzunguka herufi na namba za mwaka. Sarafu iliyosuguliwa mara nyingi hubaki na ukanda mweusi pale kitambaa kilipokosa kufika, huku sehemu bapa ikiwa nyeupe-nyeupe au ya waridi. Rangi inayofanana kila pahali, kilele na bonde, kwenye sarafu iliyochakaa, nayo inatia shaka: sarafu iliyotumika kwa kawaida huwa na weusi mzito zaidi kwenye mabonde.

Kwanza nithibitishe vipi kwamba ni shaba kweli?

Anza na sumaku. Shaba, bronzi na shaba ya njano hazivutwi. Sarafu za Uingereza za peni 1 na peni 2 zilianza kutengenezwa kwa chuma kilichopakwa shaba mwaka 1992, na senti 1, 2 na 5 za euro zote ni chuma kilichopakwa shaba. Zote hizo zitanasa. Senti ya Marekani ya 1943 iliyo halisi ni ya chuma kilichopakwa zinki. Chache mno zilipigwa kwenye bronzi kimakosa, na kwa sababu hiyo watu wamepaka shaba zile za chuma wakazipitisha kama za bronzi. Sumaku inazifichua kwa sekunde moja.

Sumaku haifichui zinki. Senti ya Marekani ilibadilishwa katikati ya mwaka 1982 kutoka aloi yenye asilimia 95 ya shaba, uzito gramu 3.11, kwenda zinki iliyopakwa shaba, uzito gramu 2.5. Mizani ya mfukoni yenye kusoma desimali mbili inatosha. Sarafu za kupakwa hazifai kabisa kutiwa asidi: rangi ya juu ni nyembamba mno, ikitoboka tu zinki iliyo ndani huliwa na sarafu huvimba malengelenge.

Usafi gani basi hauna madhara?

Ni miwili: maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha maji tena ili yabaki bila madini) na asetoni safi. Maji hutoa chumvi, udongo na vitu vinavyoyeyuka majini. Asetoni hutoa mafuta, gundi, nta na masalia ya plastiki. Vyote viwili haviyeyushi patina.

Maji ya bomba yana klorini na madini, usiyatumie zaidi ya suuza ya haraka ya udongo mwingi. Maji yanayouzwa kwa kujazia betri za gari hufaa, mradi usome chupa vizuri: kwenye rafu hiyohiyo huuzwa tindikali ya betri, ambayo ni asidi ya salfa.

Chukua chombo cha glasi, weka kipande cha kitambaa cha pamba chini ili sarafu isikwaruzwe, mimina maji mililita 100, laza sarafu moja. Moja, si kumi, zikigongana zinakwaruzana. Iache saa 24. Badilisha maji, rudia siku mbili au tatu hadi maji yabaki meupe. Udongo uliolainika usiusugue. Usukume kwa kijiti cha mianzi kilicholowa, au utumie brashi laini ya manyoya ukigonga kwa ncha zake badala ya kupiga mswaki. Kisha itoe, iweke kati ya vipande viwili vya kitambaa cha pamba na ubonyeze bila kuburuza. Maji yaliyojificha kwenye mabonde hutolewa kwa kuichovya kwenye asetoni dakika moja.

Sarafu yenye wekundu wa kiwandani usiiloweke majini siku nzima. Wekundu huo hauna kinga, na maji yenye oksijeni huupaka madoa. Hiyo ipeleke kwenye asetoni moja kwa moja.

Asetoni inatumikaje hasa?

Tafuta asetoni tupu, ile ya duka la rangi au la kemikali ambayo lebo yake haitaji kitu kingine. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha haifai: mara nyingi ina maji, manukato, rangi na mafuta ya kulainisha kucha, na vyote vitabaki juu ya sarafu.

Panga vyombo vitatu vidogo vya glasi, kila kimoja na mililita 30 hadi 50. Laza sarafu kwenye cha kwanza nusu saa, ukiigeuza mara moja. Kama kuna utelezi wa plastiki, saa kadhaa, chombo kikiwa kimefunikwa. Ihamishie cha pili dakika tano. Chovya kwenye cha tatu sekunde chache, kisha isimamishe kwa ukingo juu ya kitambaa cha pamba. Itakauka chini ya dakika moja. Kile chombo cha tatu ndicho watu wanachokiruka, halafu wanashangaa kuona duara jeupe: asetoni ikiruka hewani huacha pale pale mafuta yote iliyoyayeyusha, kwa hiyo suuza ya mwisho lazima iwe safi.

Asetoni hushika moto haraka sana, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa mezani hadi ukutane na jiko au sigara. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, bila moto wowote chumbani. Vikombe vya plastiki ngumu ya kung'aa huyeyuka ndani yake. Glavu za nitrili hupitisha asetoni baada ya muda mfupi, kwa hiyo tumia kibanio chenye ncha za mbao na usitegemee glavu.

Baada ya hapo sarafu inaweza kuonekana kavu na yenye rangi iliyofifia kidogo. Haijaharibika. Umeondoa mafuta yaliyokuwa yakiipa rangi nzito.

Je, kuloweka kwenye mafuta ya zeituni?

Ni njia ya zamani na ina wafuasi wengi, lakini haipendekezwi. Mafuta ya mimea yana asidi za mafuta. Zinakula kutu polepole, kwa miezi, na zinakula patina nzuri vilevile, halafu huacha sabuni za shaba za kijani. Yakikaa ndani ya vitundu, mafuta hayo huchacha na kuendelea na kazi baada ya wewe kudhani umemaliza.

Kinacholingana na kusudi lilelile bila asidi ni mafuta ya madini meupe yasiyo na harufu wala rangi, ya daraja la dawa. Si mafuta ya taa. Loweka wiki mbili hadi nne, kila wiki chokoa kidogo kwa kijiti cha mianzi, na mwisho yatoe kwa asetoni.

Sarafu yangu ina kijani. Nijuaje ni kijani cha aina gani?

Hili ndilo swali la kulipa muda, kwa sababu vijani vitatu tofauti vinataka vitendo vitatu tofauti.

Kijani kigumu, cheusi-cheusi au cha rangi ya jani lililokomaa, kilicholala sawa na uso, hakitoki ukikigusa kwa kijiti: ni malakiti au misombo inayofanana nayo. Imetulia. Iache.

Kijani kinachong'aa, chenye kunata, mara nyingi kama utando mwembamba au matone yanayofuata umbo la mfuko uliohifadhi sarafu: ni masalia ya plastiki ya PVC. Plastiki hiyo hulainishwa kwa mafuta maalumu ambayo huchuruzika kwa miaka, na yenyewe ikichakaa hutoa asidi ya hidrokloriki. Asetoni hukitoa. Ikiwa imewahiwa, uso chini yake uko salama. Ikiwa imechelewa, kutakuwa na vishimo.

Kijani mpauko, karibu na rangi ya mnanaa, cha unga, kinachotokea kama vidonda vidogo vilivyotengana: huu ndio ugonjwa wa shaba, au ugonjwa wa bronzi. Kiguse kwa kijiti; unga hutoka kirahisi na chini yake kuna shimo. Ndani ya shimo, chini kabisa, mara nyingine kuna kitu cha kijivu kama nta. Hicho ni kloridi ya shaba, nantokiti, na ndiyo mzizi wa maradhi.

Ukiwa bado na shaka, fanya jaribio. Chukua chupa ya glasi yenye kifuniko kinachobana, weka pamba iliyolowa maji yaliyokenekwa upande mmoja, sarafu upande mwingine juu ya kipande cha plastiki ngumu isiguse pamba. Funga saa 24 hadi 72. Unga mpya ukizuka, jibu umelipata.

Ugonjwa wa shaba unafanyaje kazi, na unaambukiza?

Kloridi ya shaba iliyojificha ndani hukutana na unyevu na oksijeni. Hugeuka unga wa kijani, na katika mabadiliko hayo hutoa asidi ya hidrokloriki. Asidi hiyo hushambulia shaba iliyo jirani na kutengeneza kloridi mpya, nayo hukutana na unyevu, na mzunguko unaendelea hadi sarafu imalizike. Kinachouendesha ni unyevu: kuanzia takribani asilimia 42 ya unyevu wa hewa huweza kuamka, na kadiri unyevu unavyopanda ndivyo unavyokimbia. Chini ya asilimia 35 hulala.

Si kijidudu, hauruki kutoka sarafu moja hadi nyingine kwa njia hiyo. Lakini unga wenye kloridi ukidondokea sarafu ya jirani kwenye trei yenye unyevu, umeipelekea chumvi. Itenge siku hiyohiyo.

Unatibiwaje nyumbani?

Kwanza, chini ya lenzi, toa unga wote kwa kijiti cha mianzi au ncha ya mwiba, hadi chini ya shimo. Vaa barakoa, misombo ya shaba si ya kuvuta puani. Sehemu hii ukiifanya nusu, hatua zinazofuata hazitasaidia.

Pili, tengeneza mchanganyiko wa seskwikaboneti ya sodiamu wa asilimia 5. Katika lita moja ya maji yaliyokenekwa, yeyusha gramu 22 za bikaboneti ya sodiamu na gramu 28 za kaboneti ya sodiamu kavu. Kaboneti ya fuwele kubwa, inayouzwa kama soda ya kufulia, ina maji ndani yake. Hiyo pima gramu 75. Laza sarafu humo, badilisha mchanganyiko kila wiki. Tarajia wiki kadhaa, na kwa sarafu iliyoathirika sana miezi. Kloridi hutoka kidogokidogo kwa sababu iko ndani ya vitundu, na kuchemsha ili kuharakisha hubadilisha rangi ya patina.

Tatu, loweka kwenye maji yaliyokenekwa wiki moja, ukibadilisha kila siku. Nne, asetoni, kisha kausha. Tano, rudia jaribio la chupa yenye unyevu. Kijani kikirudi, unarudi hatua ya kwanza.

Ujue gharama yake: patina inaweza kubadilika rangi, na wakati mwingine huachwa na rangi ya bluu isiyokuwepo mwanzo. Ndiyo sababu tiba hii hutumika pale ugonjwa ulipothibitishwa tu, si kwa kujihami. Kwenye maabara za makumbusho hutumika pia benzotriazoli, kwa kawaida asilimia 3 ndani ya ethanoli, ambayo hufunga shaba isishambuliwe zaidi. Ina sumu na inataka vifaa vya kuvuta hewa, isikaribie jikoni.

Sarafu iliyotoka ardhini ina tofauti gani?

Tofauti kubwa. Kwenye sarafu iliyozikwa karne nyingi, shaba iliyobaki ni kiini tu, na uso wa asili wenye picha mara nyingi umehifadhiwa ndani ya kutu, kwenye mpaka wa tabaka la kupriti. Ukiiweka kwenye asidi na kufika kwenye shaba tupu, umevuka picha ukaiacha nyuma. Ndiyo maana sarafu nyingi za Kiroma zilizong'arishwa zinatoka kama vipande bapa visivyo na uso wa mtu.

Kazi yake hufanywa kwa macho: lenzi, mwanga wa upande, kijiti au mwiba, na uvumilivu wa kutoa udongo punje kwa punje hadi kwenye tabaka laini lenye rangi moja, na kusimama hapo. Kabla ya lolote, andika ilipopatikana na kina chake, piga picha pande zote mbili, na ujue sheria za mambo ya kale za nchi husika, kwa kuwa nchi nyingi hudai taarifa ya vitu vya aina hiyo.

Mashine ya mawimbi ya sauti na njia ya umeme?

Mashine hutikisa kila kilicholegea, pamoja na patina nzuri iliyopasuka kidogo. Umeme hung'oa kila kitu hadi shaba tupu. Kwa sarafu unayoijali, zote mbili hapana.

Nipake nta, mafuta au vanishi?

Sarafu iliyo kwenye hifadhi kavu haihitaji kupakwa chochote. Iliyotoka ardhini na kutibiwa hufaidika na nta ya maikrokristalini. Renaissance Wax, iliyotokana na kazi ya maabara ya British Museum, ndiyo inayojulikana zaidi. Paka kiasi cha ncha ya kijiti cha pamba, tandaza, subiri dakika chache, futa kwa kugusagusa. Isipakwe sarafu yenye wekundu wa kiwandani, na isipakwe juu ya ugonjwa: unafunga kloridi ndani.

Vanishi ya kupulizia hukauka bila usawa, hugeuka manjano, na ikipasuka unyevu huingia kwenye ufa huo tu na kuchora mstari. Sarafu za makusanyo ya zamani zilizopakwa laki mara nyingi huweza kuokolewa kwa asetoni.

Nizihifadhi katika nini?

Polyesta ngumu kama Mylar, polipropilini, poliethilini na vifuko vya akriliki viko salama. Mfuko laini unaokunjika kirahisi na kunuka kama pazia jipya la bafuni ni PVC. Toa sarafu leo. Fremu za kadibodi zenye dirisha la Mylar ni nzuri, ila pini zake zibonyezwe zilale, na usizibomoe sarafu ikiwa ndani bila kutoa pini kwanza, maana pini ndiyo inayochora mstari mrefu usoni.

Mpira wa kufungia noti, sufu na baadhi ya vitambaa vya kutandika droo hutoa salfa. Mbao za mwaloni hutoa asidi ya asetiki. Kabati za jadi za sarafu hutengenezwa kwa mahogani kwa sababu hiyo. Magazeti na bahasha za karatasi ya kawaida zina asidi.

Kwa unyevu, weka kipima unyevu ndani ya kisanduku chenyewe, si ukutani. Lenga chini ya asilimia 40, na kwa zilizowahi kuugua chini ya 35. Silika jeli gramu 20 kwa kila lita ya ujazo wa kisanduku kinachobana ni kipimo kizuri. Ikijaa maji, itandaze kwenye trei na uikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu. Ile ya bluu inayogeuka waridi ina kobalti. Chukua ya rangi ya machungwa.

Vidole vina madhara kiasi gani?

Jasho lina chumvi na asidi. Kwenye sarafu nyekundu alama ya kidole huonekana baada ya siku au wiki, ikiwa na mistari yote ya ngozi, na haitoki tena. Ukiwahi ndani ya saa chache, asetoni hutoa mafuta ya kidole, lakini chumvi haiyeyuki kwenye asetoni. Suuza kwanza sekunde chache kwenye maji yaliyokenekwa, kisha asetoni. Shika ukingo daima, juu ya kitambaa laini, na usiongee ukiwa umeiinamia: tone la mate ni doa jeusi la kesho.

Nimeshaing'arisha. Kuna la kufanya?

Suuza asidi na chumvi zote: maji yaliyokenekwa siku tatu ukibadilisha kila siku, kisha asetoni. Halafu iache. Kwenye bahasha isiyo na asidi, mahali pakavu, itaanza kurudisha ukahawia wake ndani ya miezi, na baada ya miaka itapendeza machoni kuliko ilivyo sasa, ingawa mikwaruzo itabaki. Kuna watu huipaka salfa au kuichoma ili iwe nyeusi haraka. Rangi hiyo hutoka ya kijivu-bluu au nyeusi isiyo na kina, na ukiiuza bila kusema umemdanganya mnunuzi.

Wakati gani nimpelekee mtaalamu wa uhifadhi?

Ikiwa sarafu ni adimu, ikiwa ugonjwa umerudi mara ya pili, au ikiwa kuna safu mbili za rangi na hujui uso halisi uko wapi. Mpelekee ikiwa kavu, kwenye kifuko cha polipropilini na silika jeli kando yake, pamoja na picha za kabla, na orodha ya kila kitu kilichowahi kupakwa au kulowekewa, hata kama ni limau. Tiba anayoichagua inategemea sana orodha hiyo.